Mvua Ng'ambo ya Mbwemkuru: Ukame wa Vipande katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Kijiji cha Kitomanga kiko kwenye barabara kuu ya kusini mwa Tanzania, kati ya mto Mbwemkuru na mji wa Lindi. Ng'ambo ya Mbwemkuru, upande wa kaskazini, ni Kilwa. Mashariki kuna ghuba ya Mchinga na Bahari ya Hindi. Upande wa bara kuna ziwa Rutamba, uwanda wa juu wa Rondo na kilima cha Tendaguru. Basi hulimaliza eneo hilo kwa saa chache, lakini mvua hailitendei kama eneo moja. Mwaka ulioandikwa katika taarifa za mkoa kuwa wa ukame huweza kuwa mwaka wa mtama mzuri kwa kijiji kimoja, na kwa kijiji jirani ukawa mwaka ambao hata mbegu haikurudi. Kwa hiyo historia ya njaa katika pwani hii haisomeki kwa kiasi cha mvua peke yake. Lazima iulizwe mvua ilianguka wapi, na kama watu waliweza kufika ilikoanguka.

Pwani ya kaskazini ya Tanzania, pamoja na Unguja na Pemba, hupata misimu miwili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kusini hupata msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Kilwa na Lindi ziko pale mifumo hiyo miwili inapopakana. Kwa hesabu za wataalamu Lindi ni mkoa wa msimu mmoja. Shambani msimu huo mara nyingi hukatika katikati. Mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mvua husita, jua likawaka wiki moja au mbili, nayo mahindi ndiyo kwanza yanataka kubeba. Wiki hizo ndizo zinazoamua mwaka. Kwa wastani Kilwa na Lindi hupata milimita 900 hadi 1,000 hivi kwa mwaka, na kiasi hicho kingetosha kabisa lau kingeshuka kwa mpangilio. Mafia, kisiwa kilicho kaskazini tu ya Kilwa, hupata zaidi ya mara moja na nusu ya hapo.

Tofauti hizi zina sababu zake. Ya kwanza ni safari ya ule ukanda wa mawingu unaolifuata jua kwenda kusini na kurudi kaskazini kila mwaka: ukichelewa, Kitomanga hupanda kwa kuchelewa, ukipita haraka, mbegu huungua. Ya pili ni pepo. Kaskazi huleta joto na mawingu ya mchana. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei, na Madagaska iliyolala mbele yake hukinga sehemu ya unyevu ambao ungefika pwani ya kusini. Ya tatu ni miinuko. Milima ya Matumbi upande wa Kilwa, Rondo upande wa Lindi na uwanda wa Makonde huko Newala huinua hewa ya bahari, nayo hutoa mvua na ukungu mahali ambapo bonde lililo chini yake limekauka. Mwisho kuna mawingu yenyewe. Mvua nyingi za Januari si za wingu zima linalofunika wilaya. Ni za mawingu ya mojamoja yanayojijenga mchana kwa joto la ardhi na kushuka jioni katika eneo la kilomita chache. Shamba la upande huu wa njia hulowa, la upande wa pili likabaki na vumbi.

Kuna pia jambo la ukubwa wa bara zima. Miaka ya El Niño kwa kawaida huongeza mvua za Afrika Mashariki na kuzipunguza kusini mwa Afrika. Miaka ya La Niña hugeuza mambo. Mpaka kati ya pande hizo mbili hupita karibu na nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, au chini kidogo ya hapo, na mji wa Lindi uko kwenye nyuzi 10 hasa. Ndiyo maana kanuni zinazofanya kazi Nairobi au Harare hazina uhakika Kitomanga. Mwaka mmoja mkoa huangukia upande wa kaskazini, mwaka mwingine upande wa kusini, na mara nyingine huyumba katikati ya msimu uleule.

Hali hii ina umri mkubwa kuliko mwanadamu. Huko Tendaguru, Bernhard Sattler, mhandisi wa madini wa Kijerumani, alionyeshwa mifupa mikubwa mwaka 1906, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yalifukua mabaki ya dinosaria chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Wachimbaji na wapagazi wenyeji, pamoja na msimamizi wao Boheti bin Amrani, ndio walioifanya kazi yenyewe. Miamba ya mahali hapo imewaonyesha wataalamu kwamba miaka milioni 150 hivi iliyopita pwani hii ilikuwa na majira ya mvua na kiangazi kikali, na baadhi yao wamefikiri kwamba sehemu ya wanyama wale walikufa kwa ukame. Wachimbaji wenyewe walipata taabu hiyohiyo ya maji.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba mvua za huko ni nyingi. Huo ni ushahidi wa mgeni aliyekaa muda mfupi, tena aliyeshuka kisiwani katika mwaka mmoja tu. Waliojenga mji walikuwa waangalifu zaidi, wakachimba visima na kujenga mabirika ya kuhifadhi maji katika mawe ya matumbawe ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mji uliokuwa na uhakika wa mvua usingejisumbua kiasi hicho.

Bara, akiba haikuwekwa kwenye birika. Iliwekwa kwenye utawanyiko. Wamachinga, Wamwera, Wangindo na Wamatumbi walilima vishamba vingi vidogo badala ya shamba moja kubwa: kimoja bondeni kwa ajili ya mpunga, kimoja mteremkoni kwa mtama, kingine msituni kilichofyekwa na kuchomwa mwaka huo. Kaya iliyokuwa na vishamba vitatu katika pande tatu haikuvuna vyote, lakini ilikuwa nadra kukosa vyote. Mazao nayo yalichanganywa. Mtama huvumilia kiu, kunde na choroko hukomaa mapema, mbaazi hungoja, muhogo ukishashika mizizi hukaa ardhini hata mwaka wa pili, ghala lisilohitaji mlango. Nyuma ya mazao ya shambani kulikuwa na msitu. Ming'oko, viazi vya mwituni vyembamba vya kusini, huchimbwa kiangazi kwa kufuata mtambaa wake uliokauka. Mchimbaji huutafuta ubua, akaufuata hadi unapoingia ardhini, akatoboa shimo dogo na kuvuta kiazi bila kukivunja, kisha akafukia ili mwakani kiote tena. Huchemshwa kwa chumvi kidogo na kuliwa, na mpaka leo huuzwa kandokando ya barabara za Lindi na Mtwara kwa watu wasio na njaa yoyote, kwa kuwa ni vitamu. Ndiga ni habari nyingine. Hiki ni kiazi chenye sumu, na aliyekigusa ni yule aliyeishiwa: lazima kikatwe vipande, kilowekwe kwenye maji yanayotiririka kwa siku kadhaa, ndipo kipikwe. Kaya iliyoonekana inaosha ndiga mtoni ilikuwa imeshatangaza hali yake.

Dini na matambiko navyo vilifuata ramani ya mvua. Waislamu wa pwani walisali sala ya kuomba mvua uwanjani. Bara walitambika kwa unga wa mtama chini ya miti ya mizimu. Juu ya matambiko ya ukoo kulikuwa na mahali pakubwa zaidi pa kutambikia, kwa Bokero, kwenye mto Rufiji, ambako watu wa makabila mbalimbali walikwenda kuomba mvua na rutuba, wakapeleka malipo na kurudi na dawa. Safari hizo zilikuwa na faida ya ziada. Watu wa mabonde mengi walikutana njiani, wakaambiana wapi kumenyesha, wapi kuna mtama wa kununua, na wapi hakuna haja ya kwenda.

Taasisi iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa maoni ya yeyote anayeyapima matokeo, ilikuwa utani. Makabila ya kusini yaliyowahi kupigana, kuoana au kusafiri pamoja yaliwekeana haki ya kutukanana bila kukasirikiana, kuingia katika mambo ya wenzao bila kualikwa, na kuchukua vitu bila kuomba. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944, na miaka ya 1970 Stephen Lucas alikusanya habari zake kwa kina katika Tanzania ya mashariki. Wote wawili waliona kwamba mzaha huu una wajibu ndani yake. Mtani ndiye anayesimamia kazi za msibani na kuwachekesha wafiwa; mtani ndiye anayempokea msafiri asiye na ndugu mahali alipofika.

Wakati wa ukame wa vipande, wajibu huo ulilisha watu. Mtu wa upande uliokauka alikwenda upande uliolowa, akaingia kwa mtani wake na kuanza kelele kabla ya salamu. Hakuja kuomba, alikuja kudai. Mwenye nyumba alishtakiwa kwamba ameiba wingu la watu, kwamba mtama wake umenenepa kwa maji ya wenzake, na kwamba kuku anayepita uani amekula nafaka isiyo halali, hivyo atakamatwa. Kuku akakamatwa kweli. Mwenye nyumba naye alijibu kwa yake: wingu huwa linatafuta mahali penye jembe, na mgeni huyu harufu ya chungu huisikia kutoka ng'ambo ya mto lakini mlio wa radi hausikii. Watu walicheka, chakula kikapakuliwa, na mgeni akaondoka na kapu. Msimu uliofuata wingu lingeweza kwenda kwingine, na kuku wa upande wa pili wakawa halali kukamatwa.

Umuhimu wa kicheko hicho ni kwamba kilimwondolea mwenye njaa fedheha. Kuomba ni kugumu, na aliyeomba mwaka huu huogopa kurudi mwaka ujao. Anayedai kwa utani hurudi wakati wowote. Vilevile kilimzuia mwenye nafaka asijione bora, kwa sababu mbele ya watu alikwisha kuitwa mwizi wa mvua. Katika nchi ambayo haikuweza kutabiri ni bonde gani litakalolowa, desturi hii ilisambaza chakula bila mfalme, bila ghala la pamoja na bila daftari. Ilihitaji kitu kimoja tu, nacho ni njia iliyo wazi kati ya bonde na bonde.

Njia hizo zilifungwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kuanzia 1902 serikali ya Wajerumani chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ililazimisha kilimo cha pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe. Siku za kulima pamba ziliangukia siku zilezile za kupanda na kupalilia chakula, na mkulima aliyekuwa na vishamba vitatu vya kukimbizana na mvua alifungwa kwenye shamba moja lisilo lake. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba Nandete, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Watu waliozoea kwenda Rufiji kutafuta dawa ya mvua waliipokea dawa ya vita kwa njia zilezile.

Vita vilipowashinda Wajerumani kuvimaliza kwa risasi, walitumia njaa. Vikosi vilichoma vijiji, vilichukua nafaka na kuharibu mashamba kabla ya mavuno, na wapiganaji waliosalia hawakuweza kulima wala kusafiri. Njaa iliyofuata imebaki katika kumbukumbu za kusini kwa jina la Fugufugu. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Njaa kubwa kuliko zote katika historia iliyoandikwa ya kusini haikuletwa na anga. Mvua zilinyesha, hapa na pale kama kawaida yake, juu ya mashamba yasiyo na watu. Msitu ukarudi, tembo na mbung'o wakafuata, na sehemu kubwa ya nchi ya Wangindo ikaishia kuwa pori la akiba la Selous.

Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 vita vikiwa havijapoa. Juu ya uwanda wa Makonde alikuta aina nyingine ya ukosefu wa uwiano. Huko mvua hunyesha vizuri, lakini mchanga huimeza yote, na wanawake walishuka miteremko mirefu hadi chini kuchota maji kisha wakapanda tena na mitungi. Mradi wa kusukuma maji kwa mabomba hadi juu ya uwanda ulianza tu miaka ya 1950. Kipimo cha mvua kingeonyesha Newala kuwa na neema kuliko Kitomanga. Miguu ya wachota maji ilisema vingine.

Vipimo hivyo vya mvua vilianza pwani wakati wa Wajerumani, na Waingereza wakaviunganisha katika idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929. Kipimo cha kawaida cha Kiingereza kilikuwa na mdomo wa sentimita 13 hivi, mdogo kuliko sahani ya wali, na kilisimama kwenye boma au misheni. Tarakimu moja ya boma la Lindi iliwakilisha wilaya nzima, pamoja na Kitomanga ambako huenda siku hiyo hapakudondoka tone. Kwa miongo mingi serikali ilipanga kilimo kwa tarakimu za namna hiyo.

Mfano mkubwa wa kosa hilo ni mradi wa karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akapendekeza kulima karanga Tanganyika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukashauri kufyekwa zaidi ya hekta milioni 1.2, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na kusini huko Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Rekodi za mvua za miaka ya nyuma zilikuwa chache, na Kongwa iko Ugogo, nchi iliyoshuhudia njaa ya Mtunya miaka ya 1917 hadi 1920. Wagogo walikuwa na njia yao ya kujikinga: kila mwenye ng'ombe aliwagawa na kuwaweka kwa marafiki wa mbali, ili ukame wa mahali pamoja usimalize zizi lote. Mradi ulifanya kinyume, ukaweka mtaji wote chini ya wingu moja.

Yaliyotokea yalichekesha bunge na magazeti ya London kwa miaka. Matrekta ya mtumba yalinunuliwa kutoka akiba za vita. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mibuyu iligoma kung'oka, na nyuki waliokuwa na mizinga ndani yake waliwatoa madereva mbio hadi hospitalini. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe ya mashine, na karanga zilizokomaa zikabaki zimebanwa ardhini. Msimu wa 1948/49 mvua ikapungua na mavuno yakaanguka. Mradi ulipofutwa Januari 1951, pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimepotea, na mbegu zilizoletwa kutoka nje zilizidi karanga zilizovunwa.

Kusini, Nachingwea ilipata mvua za kuaminika kuliko Kongwa, na baada ya kushindwa kwa Kongwa matumaini yalihamia huko. Reli ilijengwa kutoka pwani ya Lindi, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Hapa ugumu haukuwa ukame; ulikuwa gharama na umbali, na kila kitu kilikuwa kikingoja reli na gati. Juu ya hayo, Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani kati ya Lindi na Mtwara, kimojawapo cha vikali kabisa vilivyowahi kutua Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa kwa kukosa mzigo. Fedha nyingi zilizokwenda kutafuta mahali pamoja penye mvua kamili zingeweza kujenga barabara ya kuunganisha mahali pengi penye mvua nusunusu, na barabara hiyo kusini iliingojea kwa nusu karne zaidi.

Uhuru ulileta nia njema na kosa linalofanana. Mkoa wa Lindi ulianzishwa mwaka 1971, na wakati huo Lindi na Mtwara zilikuwa mbele katika kuhamia vijiji vya ujamaa, kwa siasa ya Azimio la Arusha na pia kwa sababu ya vita vya Msumbiji mpakani. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu kandokando ya barabara nchi nzima. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima, na faida hizo zilikuwa za kweli. Lakini familia nyingi ziliachana na vishamba vyao vya mbali, na mashamba yote ya kijiji yakawa chini ya mvua moja. Mabadiliko hayo yaliangukia miaka ya ukame ya 1973 hadi 1975, wakati taifa lililazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Mikorosho inaonyesha hasara hiyo kwa tarakimu. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Mwaka 1986/87 zilifika tani 16,000 na kitu. Bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia, ila mikorosho mingi ilibaki tu porini kilomita kadhaa kutoka kwa wenyewe, haipaliliwi wala haiokotwi.

Watu walirudi polepole. Kuanzia miaka ya 1980 wakulima wa Kitomanga na vijiji vya jirani walifungua tena mashamba ya mbali, safari hii wakiongeza ufuta, zao linaloridhika na mvua chache na lenye soko. Kaya yenye nyumba kando ya lami huwa na muhogo karibu, ufuta upande wa bara na mpunga kwenye bonde lenye maji, na mtu wa familia hulala kibandani huko miezi ya kulinda ngedere na nguruwe. Utani nao haukufa. Umehamia kwenye basi, sokoni na msibani.

Kilichobaki kuwa dhaifu ni barabara. Kwa miaka mingi safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ilipita kwenye kivuko cha Ndundu, mto Rufiji, na kila masika kali iliukata mkoa. Mvua za El Niño za 1997/98 ziliharibu njia kiasi kwamba bidhaa zilipelekwa kusini kwa meli au kwa mzunguko mrefu wa Songea, na bei ya chakula ikapanda mahali ambapo ardhi ilikuwa imelowa chepechepe. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ya kipande cha Ndundu hadi Somanga ikamalizika zaidi ya muongo mmoja baadaye. Tangu hapo muhogo, ufuta, nazi na ming'oko vilikwenda kaskazini, na mahindi na maharage vikaja kusini, karibu mwaka mzima.

Utabiri pia umesogea karibu na mkulima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, iliyoanza kama wakala mwaka 1999 na kupewa hadhi ya mamlaka mwaka 2019, hutoa utabiri wa mvua za Msimu kila mwaka, na maneno yake yamekwisha kuwa lugha ya vijijini: mvua za wastani hadi chini ya wastani, vipindi virefu vya ukavu, mtawanyiko usioridhisha. Hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi kwa Kitomanga, kwa kuwa yanakiri kwamba hesabu ya mkoa haisemi lolote juu ya shamba fulani.

Miaka ya karibuni imeonyesha pande zote mbili za tatizo. Januari 2020, wakati Zimbabwe na Zambia zikiwa bado kwenye ukame mrefu, mafuriko yaliwakumba watu wa Kilwa, hasa vijiji vya bonde la mto Matandu, na maelfu wakapoteza makazi na mazao. Msimu wa El Niño wa 2023/24 ulirudia jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Kati ya Februari na Aprili 2024 Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza janga la kitaifa kwa sababu ya ukame, huku Rufiji na Kibiti zikiwa chini ya maji. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikashusha mvua kubwa juu ya Kilwa na Lindi na kuikata barabara kuu mahali kadhaa, hasa karibu na Somanga. Malori na mabasi yalipanga foleni pande zote mbili za makorongo mapya. Kusini ya makorongo hayo ni nchi ya ufuta na korosho. Kaskazini kulikuwa na mahindi, ambayo mwaka huohuo Tanzania iliyauza hadi Zambia. Mafundi walijaza mawe na kurudisha magari njiani kwa zamu, kisha ukaanza ujenzi wa madaraja mapya mahali ambapo hapo awali palikuwa na makalavati tu, juu ya vijito ambavyo kwa sehemu kubwa ya mwaka havina hata maji ya kulowesha kwato za mbuzi.